Mwaka wa Chembe za Kijani

Siku tuliyomzika Dakta Ezekia, kule Makete, wasifu wake ulisomwa na binti wa dada yake, msichana mwenye sauti ya kwaya, na hakukosea hata neno. Alitaja shule zote alizopitia marehemu, vyuo, nchi ya mbali alikokaa miaka sita akisomea kemia, kazi yake ya kufundisha chuo kikuu, ndoa yake, watoto wake watatu. Alipofika kwenye mwaka ule alisema, "Kisha alirudi nyumbani kwa muda, baadaye akaendelea na utafiti wake." Akafungua ukurasa mwingine. Nilikuwa nimesimama kati ya akina mama, khanga nimeifunga juu ya koti kwa sababu ya baridi, na nilijikuta nimeinua mkono kidogo, kama mwanafunzi anayetaka kumkumbusha mwalimu kitu alichokiruka. Mama mmoja kando yangu alidhani nataka kuanguka, akanishika kiwiko. Nilimshukuru. Hakukuwa na wa kulaumiwa. Familia yake haikuujua mwaka ule, na aliyeujua pamoja nami ndiye tuliyekuwa tunamzika. Sura nyingine za kumbukumbu hizi nimeziandika kwa mpangilio wa miaka. Hii naiandika kwa sababu ya yale maneno mawili, "kwa muda."

Muda wenyewe ulikuwa miezi kumi na mmoja. Ulianza Novemba, watu wa Njombe wakiwa mashambani wanapanda mahindi, ukaisha Oktoba. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi sanifu wa maabara ya maji ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha, na niliposikia kuna mtafiti anayetafuta mtu wa kupima vitu kila siku bila kuchoka, nilimfuata Mjimwema nikiwa na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Nilimkuta amepiga magoti juu ya meza anapigilia kitambaa cheusi dirishani. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na minane, mwembamba, amevaa sweta la kahawia lililotiwa kiraka kwenye kiwiko, ambalo baadaye nilijua lilifumwa na mama yake. Sikupata nafasi ya kutoa vyeti. "Nishikie upande huo," aliniambia, nami nikashika. Kitambaa alikinunua mtaa wa Ramadhani, mikunjo miwili, na muuza duka alimpa pole akimuuliza amefiwa na nani. Tulipomaliza kupigilia chumba kikawa giza kabisa, saa tano za asubuhi. "Sasa usiogope," alisema, "nataka nikuonyeshe kazi yako."

Nilisikia swichi ikibonyezwa. Kisanduku kidogo kilikuwa kinatoa mwanga, aliniambia, lakini ni mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Kisha akaweka mbele yake chupa yenye kitu kama maziwa yaliyotiwa maji, na katikati ya yale maziwa ukatokea mstari wa kijani. Sijui niuelezeje. Haukuwa mkali. Ulikuwa umetulia humo ndani, umenyooka, kijani kibichi, na alipozima kisanduku ukapotea, alipowasha ukarudi pale pale. Nilisahau kwamba nilikuja kuomba kazi. Nilimwambia, "Rudia." Akacheka, akarudia. Nilipata kazi kwa neno hilo moja. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo baadaye, kwamba waliokuja kabla yangu waliuliza mshahara na mimi niliomba kuona tena.

Naeleza kwa kifupi, maana bila hili mengine hayataeleweka. Yale maziwa yalikuwa maji yenye chembe ndogo mno, ndogo kuliko kijidudu chochote cha ugonjwa. Kila chembe ni kama kijiwe cha fuwele, na sehemu kubwa ya kijiwe hicho ni floraidi, ile ile ambayo ikizidi kwenye maji ya kunywa huharibu meno ya watoto. Ndani ya kijiwe zimechanganywa punje chache za madini adimu yanayoitwa lanthanidi, na hizo ndizo zinazoumeza mwanga usioonekana na kuutoa ukiwa wa kijani. Dakta alizitengeneza mwenyewe kwa miaka minne, kule ng'ambo. Alitaka zitumike kwenye kipimo cha sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu kwenye mahindi, kipimo cha karatasi kama kile cha malaria, ambacho mfanyabiashara wa Makambako angeweza kukitumia mwenyewe ghalani kabla ya kununua. Mstari ukiwaka vizuri, mahindi ni salama. Mstari ukififia, yana sumu. "Rangi za kawaida ukizimulika sana zinachoka," aliniambia siku ile ile. "Hizi hazichoki. Nimezimulika siku nzima, wiki nzima. Ila sijui kama zitavumilia kukaa. Kukaa tu, kwenye chupa, huku kwetu, bila friji. Hiyo ndiyo kazi yako, Faraja. Kuangalia kama zinavumilia."

Kwa hiyo kila siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, nilivuta pazia jeusi na kupima mwanga wa chupa themanini, moja baada ya nyingine, na kuandika kwenye daftari. Nusu ya chupa zilikaa rafuni kwenye baridi ya Njombe. Nusu zilikaa ndani ya sanduku lenye balbu, kama lile la kulelea vifaranga, ili zipate joto la mabondeni. Jiko la mkaa halikuruhusiwa kuingia chumbani, kwa hiyo Juni na Julai, ukungu ukiwa umekaa mpaka saa tano na nyasi za uani zikiwa nyeupe, tulifanya kazi na makoti, na nilijifunza kuandika tarakimu huku vidole havina hisia. Dakta alikuwa na desturi ya kusema "Tuone" kabla ya kila chupa. Themanini kwa asubuhi, themanini kwa jioni. Mtu akisema "Tuone" mara mia na sitini kwa siku, kwa miezi kumi na mmoja, neno linakuwa kama mlango wa nyumba yako, hulisikii tena mpaka siku litakapokosekana. Leo mimi ni mkuu wa maabara ya maji, nina mafundi wanne chini yangu, na kuna asubuhi ninapokaribia kifaa nikajikuta nimenyamaza kidogo kabla ya kusoma, nikisubiri mtu aseme.

Chakula cha mchana tulikula kwa Mama Tumsifu, mwenye nyumba. Jiko lake lilitenganishwa na chumba cha Dakta kwa ukuta wa mbao za msindano, na jua likipasha bati mbao zile zilinukia utomvu mpaka kwenye ugali. Alikuwa mjane, mwanakwaya wa sauti ya pili katika usharika wake, na alipika akiimba sauti ya pili peke yake, kwa hiyo kwa mwaka mzima nilijua nyimbo nyingi za kanisani ambazo zilikosa sehemu yake kuu. Alikuwa na sheria moja. "Kwangu hapa chakula hakiliwi kwa kusimama," alisema siku ya kwanza nilipotaka kuchukua viazi viwili na kurudi kwenye chupa. "Wanaokula wamesimama ni wenye msiba na wenye haraka. Wewe u nani kati ya hao?" Nikakaa. Tulikula viazi na njegere, maharage, kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, ugali mweupe wa moto, na msimu wa mapichi tulikula mapichi mpaka midomo ikawasha. Dakta alikula viazi na maganda yake, kama wanavyokula watoto wa Makete wakiwa malishoni, na Mama Tumsifu alimwambia, "Baba, umesoma kote huko na bado unakula kama mchunga kondoo." Alijibu huku akitafuna, "Mama, kule nilikokuwa waliyamenya. Nilikula kiazi kitupu miaka sita."

Nikiwa mkweli, chakula kile ndicho nilichokuwa nikikitamani tangu nikiamka. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na stendi, nilikokuwa nakula peke yangu nikitazama ukuta. Hapa kulikuwa na watu wawili wanaonisubiri. Dakta alinifundisha mambo mezani kwa kutumia njegere: hii ni chembe, hii ni punje ya lanthanidi, ukiweka nyingi mno zinanyang'anyana mwanga, ukiweka chache hakuna kitu. Mama Tumsifu alimkataza kuchezea chakula, halafu yeye mwenyewe akauliza, "Na hiyo ya pembeni inafanya nini?" Hatukuwahi kugusana mikono, mimi na Dakta, isipokuwa kwa kupeana chupa. Hakuwahi kuniambia neno ambalo Mama Tumsifu asingeweza kulisikia. Lakini ilipofika Aprili nilikuwa nimeshona gauni jipya, nikimwambia fundi kwamba ni la Pasaka, na nikalivaa siku ya kawaida ya Jumanne. Dakta alilitazama na kusema, "Rangi hiyo inakaribia kabisa ile yetu." Lilikuwa kijani. Niliipeleka sentensi hiyo nyumbani nikakaa nayo wiki nzima.

Mwezi Agosti aliniagiza nitayarishe chupa ndogo thelathini za kupeleka Makambako, kwa Mama Zawadi. Huyu alikuwa mnunuzi wa mahindi mwenye ghala karibu na barabara kuu, mama mkavu wa maneno, aliyekubali kujaribu kipimo kabla ya wengine wote. Tulikwishakwenda kwake mara mbili, Dakta akamfundisha jinsi ya kusaga punje, kuchanganya, kudondosha tone, kuchovya karatasi na kuiingiza kwenye kisanduku cha kusomea. Alifundishika haraka. Alichouliza ni kimoja tu: "Kikisema mahindi ni mabaya, niyafanyeje? Niwape nguruwe?" Dakta akamwambia, hapana, hata nguruwe usimpe, sumu hiyo haiishii kwa nguruwe. Fukia.

Sasa ndani ya zile chupa ndogo chembe zilitakiwa ziwe chache sana, tone moja la maziwa yetu kwenye maji mengi, mpaka maji yaonekane safi kama ya kisima. Nilitayarisha thelathini na sita, thelathini zikapelekwa Makambako. Sita nikazibakiza rafuni bila kuagizwa, kwa sababu kwenye maabara ya maji tulifundishwa kwamba sampuli isiyobaki haina shahidi. Siku ya nne mwanga wa zile sita ulikuwa umepungua. Nikazitikisa, nikidhani chembe zimetuama. Siku ya saba ulikuwa nusu. Zile themanini nzito zilikuwa vile vile, hazijapoteza kitu tangu Novemba. Nilikaa nikitazama safu hizo mbili za tarakimu, na mkono wangu, kabla kichwa hakijafika, ulikuwa umekwishajua. Nilikwenda kwa wenzangu wa zamani nikaazima kijiti cha kupimia floraidi. Nikazungusha zile chupa kwenye mashine mpaka chembe zote zikalala chini, nikachota maji safi ya juu, nikapima. Maji ya Njombe hayana floraidi ya kusumbua mtu. Niliyapima ya bomba na niliyapima yaliyochemshwa, yote karibu na sifuri. Maji ya zile chupa yalikuwa nayo tele. Ilikuwa imetoka ndani ya chembe zenyewe. Zilikuwa zinayeyuka.

Jambo lenyewe likishajulikana linaonekana la kawaida. Kwenye chupa nzito chembe kidogo tu zikiyeyuka maji yanashiba, na zilizobaki zinasalimika, ndiyo maana miezi tisa hatukuona kitu. Kwenye chupa yenye chembe chache maji hayashibi. Yanakula mpaka mwisho. Nilirudia kipimo mara tatu, kwa siku tatu, na kila mara nikaandika kwenye daftari kwa wino, na siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, nililikumbatia daftari nikatoka kwenda kumwambia. Alikuwa jikoni. Niliingia chumbani kwake kuweka daftari juu ya meza kwanza, nikawasikia kupitia zile mbao.

"Ukishaimaliza hiyo kazi yako," Mama Tumsifu alikuwa anasema, "unaondoka?"

"Nikiimaliza, mama, ndiyo. Wafadhili watataka nirudi chuoni."

"Na ikikushinda?"

"Ikinishinda naondoka mapema zaidi." Nilisikia kijiko kikigonga sufuria. Halafu akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mbele ya chupa, "Ila siharakishi, mama. Huku siharakishi."

Mama Tumsifu akaanza kuimba ile sauti yake ya pili.

Nilisimama pale na daftari kifuani. Mikononi mwangu nilikuwa na ushahidi wa kumwondoa Njombe, na mimi ndiye niliyeutafuta. Nikajiambia nitamwambia kesho. Nikalirudisha daftari kwenye chumba cha giza, nikanawa mikono, nikaenda kula. Kesho yake nikajiambia zile chupa sita huenda zilikuwa chafu. Keshokutwa nikajiambia Mama Zawadi bado hajaanza kununua, hakuna haraka. Mtu anayejua kupima anajua pia kujidanganya kwa vipimo. Kwa wiki mbili nilisoma mwanga asubuhi na jioni, nikasikia "Tuone" zangu zote, nikala viazi, nikacheka, na sijawahi kuwa na furaha na hofu zikiwa zimeshonwa kitambaa kimoja namna ile. Nikiulizwa leo ni siku gani katika maisha yangu ningependa zirudi, aibu inanizuia kujibu, kwa sababu ni hizo.

Tulikuwa mezani simu ilipoita. Ilikuwa ya Mama Zawadi, na Dakta aliiweka kwa sauti ili aendelee kula.

"Dakta, kamwene," alisalimu kwa Kibena. "Nimeanza kununua. Kipimo chako kimekataa mahindi ya watu wanne. Yote yamefifia. Yalikuwa mazuri kwa macho, makavu, hata harufu hakuna, lakini nimekutii."

"Umefanyaje, mama?"

"Nimewalipa wenyewe, nikayafukia. Magunia saba. Nimechimba nyuma ya ghala."

Dakta aliweka kiazi chini. Mama Tumsifu alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, na hapo nikasimama. Nilisema, "Dakta, kile kipimo kimekufa. Mahindi yale hayana kitu." Kisha nikaenda kulileta daftari.

Alilisoma kwenye mwanga wa mlangoni, kwa muda mrefu, akirudi nyuma na mbele. Hakupandisha sauti. Kwanza alisoma kama mwanakemia, nikamwona akielewa, midomo yake ikihesabu, na kwa nukta chache uso wake ukawa kama wa mtu aliyepewa zawadi, maana jambo lenyewe lilikuwa zuri, lilikuwa kweli, na hakuwa amelijua. Kisha akasoma tarehe.

"Hii ni ya wiki mbili zilizopita, Faraja."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nahakikisha."

Akafunua ukurasa uliofuata, na uliofuata. Kurasa zote mbili alizikuta tupu upande wa floraidi. Nilikwishahakikisha siku ya tatu, mara tatu, na wino wangu ulikuwa unamwambia hivyo. Alilifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. "Sawa," alisema. Mama Tumsifu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko, na kwa mara ya kwanza alituacha tuondoke mezani chakula kikiwa kwenye sahani.

Tulikwenda Makambako siku iliyofuata. Upepo wa Makambako unajulikana, na siku hiyo ulikuwa unabeba vumbi na maganda ya mahindi kutoka kila ghala. Dakta alimweleza Mama Zawadi akiwa amesimama, hakukubali kukaa. Alimwambia chembe ziliyeyuka chupani, mwanga ukafifia wenyewe, kipimo kikasoma sumu mahali pasipo na sumu. Alisema, "Kosa ni langu. Nilikuletea kitu nilichokuwa sijakijua vizuri." Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili.

Mama Zawadi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unajua kufukia chakula kukoje, Dakta? Mimi nimezaliwa kwenye jembe. Nimekaa juu ya kile kifusi nikalia, mimi na umri wangu, lakini nikasema bora nilie mimi kuliko mtoto wa mtu anywe uji wa sumu. Sasa unaniambia nimefukia chakula kizima." Dakta alisema, "Ndiyo, mama." Hakujitetea. Akamwomba amwonyeshe mahali, wakaenda wawili nyuma ya ghala, na mimi nikabaki kati ya magunia. Sikusikia walichozungumza huko. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

Mwezi na nusu uliobaki tulifanya kazi kama watu wanaozima moto. Alitaka kujua kila kitu: kwenye joto zinayeyuka kwa kasi gani, kwenye baridi je, maji yakiwa na uchachu kidogo inakuwaje, tukizivika ganda la nje zitavumilia zaidi au la. Lile la ganda lilileta tumaini, na ndilo alilolifuata miaka mingi baadaye mpaka akapata chembe zinazovumilia. Nilipoona makala yake, jina langu lilikuwa la pili, baada ya lake. Lakini wafadhili walikuwa wameahidi kipimo cha msimu ule, si swali jipya, na alipowaandikia ukweli wote waliufunga mradi kwa barua fupi yenye adabu. Aliniambia niende naye chuoni nikasome, kwamba angenitafutia nafasi. Wiki hiyo hiyo maabara ya maji walinipa ajira ya kudumu. Nilichukua ajira. Nilimwambia ni kwa sababu ya uhakika wa mshahara, na hapo pia sikusema lote. Nilihofia kwamba kila akiniangalia huko mbele angeziona zile kurasa mbili tupu.

Nilimsindikiza mpaka Makambako, anakopandia basi la Dar es Salaam. Chupa zote alizifunga kwenye boksi aliloliweka miguuni mwake, na Mama Tumsifu alimpa mfuko wa viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Tulikaa kwenye benchi la stendi, watu wakituuzia mayai na karanga. Basi lilipowashwa alisimama, akaweka begi begani.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema, "ningeondoka wiki mbili kabla."

"Najua, Dakta."

Alinitazama. Alikuwa amevaa lile sweta. "Nami nilizihesabu zile wiki," alisema, kisha kondakta akamwita, akapanda. Sikujua alimaanisha kwamba zilimgharimu, au kwamba alizipata. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza. Dirisha lake lilikuwa wazi na basi lilikaa bado dakika kumi likijaza mafuta. Nilisimama pale nikiwa nimelishika koti langu, nikapunga mkono. Tulionana mara moja tu baada ya hapo, kwenye ukumbi wa mkutano, kati ya watu, yeye na mkewe, na alinitambulisha kwa heshima kubwa. Sikuuliza tena.

Basi lilipoondoka sikuweza kurudi Njombe moja kwa moja. Niliinamia upepo nikatembea mpaka ghalani kwa Mama Zawadi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mahindi kwa mkono, punje moja moja, zenye doa anazitupa kwenye kopo. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

"Mama," nilisema, "yale magunia saba. Kosa halikuwa la Dakta. Mimi nilijua wiki mbili kabla hujayafukia, nikanyamaza."

Vidole vyake vikasimama. "Kwa nini?"

"Nilitaka aendelee kukaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kwa sauti yangu mwenyewe, na lilitoka dogo, halikujaza hata ghala. Mama Zawadi hakucheka, nilikuwa naogopa atacheka.

"Yeye umemwambia hivyo?"

"Hapana."

"Na basi?"

"Limeondoka."

Akaitafuta punje yenye doa, akaitupa koponi. "Magunia yangu siwezi kukusamehe leo," alisema. "Usiniombe leo. Pale kuna kigoda. Na ungo uko nyuma ya mlango."

Nikaufuata ungo. Tulichambua tangu saa saba mpaka watu wakaanza kufunga maghala, punje nzuri huku, mbaya kule. Barabara kuu ilikuwa karibu, na kila basi lililopiga honi liliniinua kichwa. Kila mara Mama Zawadi alisubiri nikiinamishe tena, kisha akanimiminia mahindi mengine.